Unatoka Sigor kwenda kujivinjari? Toa nusu ya begi la kamera

Mmechanga tangu Agosti. Kikundi cha WhatsApp kimebadilishwa jina mara tatu, mtunza hazina ametuma ujumbe wa mwisho kwa wale wanaojifanya hawaoni, na sasa zimebaki siku mbili mtoke Sigor alfajiri mkapande matatu ya Nairobi pale Bomet. Ratiba ni tamu: siku moja Nairobi kwenye lile gurudumu kubwa la Two Rivers, kisha treni ya SGR hadi Mombasa, mkateleze kwenye maji ya Wild Waters, Nyali. Na kwa sababu wewe ndiwe mwenye kamera, mbogi nzima imeshaamua, bila kukuuliza, kwamba wewe ndiwe mpiga picha wa safari.

Sasa hivi umetandaza kila kitu kitandani. Kamera, lenzi tatu, flashi, stendi ya miguu mitatu, betri, chaja, na ile droni uliyoazimwa na binamu. Begi linakutazama. Unajiambia, "Si ni begi moja tu?"

Hebu tulia kwanza.

Kabla hujafikiria picha zitatoka vipi, jiulize kamera hiyo inafanya nini wiki ile mtakayorudi. Kama wewe ni kama vijana wengi ninaowajua kuanzia Sigor hadi Longisa na Litein, hiyo si kamera ya kuchezea. Uliinunua kwa mkopo wa chama, au mama alikukatia sehemu ya bonasi ya chai, na tangu hapo inapiga harusi, mahafali na mazishi. Jumamosi ya kurudi una koito, mahari itajadiliwa, wazee watakaa, na familia ya bibi harusi imeshakutumia deposit. Alhamisi maji yakiingia kwenye kamera pale Nyali, Jumamosi utawaambia nini wazee?

Fundi wa kukausha kamera hayuko Sigor. (Sigor ya Chepalungu, kwa mnaosoma mkiwa mbali, siyo ile ya Pokot Magharibi. Watu hutuma mizigo huko na kulia baadaye.) Hata ukimpata fundi Nairobi, hatakupa jibu kabla ya Jumamosi.

Nitakwambia kilichonipata safari yangu ya kwanza ya aina hii. Nilibeba kila kitu. Mabodi mawili, lenzi ndefu, stendi, yaani nilionekana kama nimetumwa na televisheni. Tulipofika getini nikagundua mtu hawezi kupanda mchezo wowote akiwa na begi la kilo tisa mgongoni. Nikakaa kwenye benchi. Wenzangu wakaona mimi nimekaa, wakaniachia na mabegi yao pia, na viatu, na soda. Siku nzima nilikuwa askari wa mizigo. Nilipiga picha zaidi ya mia nne nikiwa pale pale kwenye benchi, zote za migongo ya watu wanaoondoka. Nilipomwonyesha kogo nyumbani, alizitazama moja moja kwa subira, kisha akauliza, "Na wewe ulibaki wapi?"

Kwa hivyo, tuanze kutoa vitu kitandani.

Stendi ya miguu mitatu, acha. Utaitaka kwa dakika kumi usiku na itakusumbua siku nne. Hata mabustani makubwa ya michezo ya Disney kule Marekani hayaruhusu stendi kubwa isiyotosha kwenye begi la mgongoni, na tangu 2015 yamepiga marufuku vijiti vya selfi kwa sababu watu walikuwa wakivitoa katikati ya mchezo unaokimbia. Hebu fikiria kijiti cha chuma kikimponyoka mtu juu ya vichwa vya wenzake. Ukitaka picha tulivu ya usiku, weka kamera juu ya ukuta au meza, washa kipima muda cha sekunde mbili, uondoe mkono.

Droni, mrudishie binamu leo leo. Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu 2020, na kuirusha kunahitaji usajili na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Juu ya umati wa watu, karibu na duka kubwa la Nairobi, hutamaliza hata dakika mbili.

Lenzi ndefu ndiyo inayouma kuacha, najua. Ile ya 70-200 yenye tundu la f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu peke yake, na kwenye bustani ya michezo watu unaotaka kuwapiga wako mita mbili kutoka kwako, wanapiga kelele. Iache ilinde nyumba.

Sasa tubaki na lenzi moja. Wengi watachukua 50mm ya f/1.8 kwa sababu ndiyo inayowapa ile picha ya uso uliotulia na nyuma kumefifia. Ni nyepesi, ya Canon ina gramu 160 hivi, na gizani inasaidia sana. Lakini kwenye kamera za bei yetu, zenye sensa ndogo, 50mm inaona kama 80mm. Mkiwa watu wanane chini ya gurudumu, utarudi nyuma, urudi nyuma, hadi ugonge mwuza popcorn. Kama unayo 24mm, ile bapa kama kifuniko cha chupa, chukua hiyo. Kama huna, ile 18-55 iliyokuja na kamera, mnayoidharau sana, inatosha kabisa. Mchana haina shida. Jioni taa za gurudumu zikiwaka, panda ISO hadi 1600 au 3200 na ukubali chenga kidogo. Picha yenye chenga inaonekana, picha iliyotikisika haifai hata kwa status. Mtu anayeteleza kwenye maji, kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 kama unataka matone yasimame hewani.

Lakini hapo kwenye maji ndipo nataka tuongee vizuri, maana hapo ndipo kamera hufia.

Msimamo wangu ni huu: kamera kubwa isivuke geti la maji. Ibaki chumbani, imefungiwa. Utaitumia Nairobi, utaitumia ufukweni jioni ukiwa makini na mchanga, lakini siku ya mitelezo ni siku ya simu au ya kamera ndogo ya matukio kama GoPro, ambayo matoleo yake ya miaka ya karibuni huzama hadi mita 10 bila kasha. Usinunue kwa ajili ya siku moja. Azima, au kodisheni pamoja kama kikundi, na iwe na kamba ya kifuani au ya mkononi.

Simu nayo isikudanganye. Alama ya IP68 kwenye boksi inatokana na majaribio ya maji safi yaliyotulia, na watengenezaji wengi hutaja kina cha mita 1.5 kwa dakika 30. Maji ya kidimbwi yana klorini, ya bahari yana chumvi, na kuteremka mtelezo kwa kasi si kutulia. Isitoshe, kama simu iliwahi kubadilishwa kioo pale kwa fundi wa Bomet, ile gundi ya kiwandani inayozuia maji ilishafunguliwa. Nunua mfuko wa kuzuia maji wa kuvaa shingoni. Ujaribu nyumbani kwanza: weka karatasi ya chooni ndani, uzamishe kwenye ndoo kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, twende. Ikitoka imelowa, umeokoa simu kwa bei ya karatasi.

Na usitegemee kufunga vifaa kwa mifuko ya plastiki ya dukani. Hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017 na huenda ukakosa hata mmoja. Ninachotumia mimi ni kontena ya chakula yenye kifuniko cha kubana, kitambaa kikavu ndani. Inazuia maji, inazuia mchanga, na mwizi akiiona anadhani ni chapati za jana.

Kontena hiyo ina kazi nyingine. Ukitoka chumba chenye AC Mombasa na kamera baridi ukaifungua nje kwenye joto, lenzi itafanya ukungu papo hapo, na ukungu ukiingia ndani unaleta kuvu. Iache ndani ya kontena iliyofungwa nusu saa hivi, ipate joto polepole, ndipo uitoe.

Safari yenyewe ina mambo yake. Kwenye matatu, begi la kamera linakaa mapajani. Si juu ya keria, si chini ya kiti cha nyuma ambapo kuna jogoo wa mtu. Na tafadhali, lile chupa la mursik ambalo kogo amekupa umpelekee shangazi Nairobi, lisiingie begi moja na kamera. Najua begi ni moja. Tafuta lingine. Maziwa yaliyochacha yakivuja kwenye bodi ya kamera, hakuna fundi atakayekubali hata kuifungua.

Pale Mai Mahiu mkisimama kutazama Bonde la Ufa, simu inatosha. Kwenye kituo cha SGR Nairobi mtaambiwa mpange mabegi chini kwa mstari mbwa wanuse, kisha mashine. Begi jepesi lililopangwa vizuri litakupitisha haraka, na hutaanza kutoa lenzi moja moja mbele ya watu wasiokujua.

Kwenye maduka makubwa, zoea hili: mwenye simu hupiga picha bila kuulizwa, mwenye kamera kubwa huitwa na askari. Usibishane. Piga simu siku moja kabla, uulize kama kamera inaruhusiwa, kama kuna malipo, na kama kuna kabati la kufungia mizigo. Hilo swali la kabati ndilo lingeniokoa mimi na lile benchi.

Jambo moja zaidi, na hapa sitanii. Kwenye maji kuna watoto wa watu wakiwa na nguo za kuogelea. Wasiwe kwenye picha zako. Wakiingia kwa bahati mbaya, kata au futa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria, mzazi akikukuta umemwelekezea mtoto wake lenzi atakuwa na haki ya kuuliza.

Kitandani sasa kumebaki bodi moja, lenzi moja, betri mbili, memori kadi mbili, simu, pawabenki, mfuko wa shingoni na kontena ya chakula. Memori kadi ya koito usiiguse. Iache nyumbani ikiwa tupu na imefomatiwa, pamoja na betri moja iliyojaa chaji. Picha za safari zihamishe kwenye simu ya mwenzako kila jioni, mkiwa mnakula.

Halafu mpe mtu mwingine simu. Yule dada wa kikundi anayesema hajui kupiga picha, mwonyeshe kitufe kimoja, mwambie ashike wima na avute pumzi. Zamu kwa zamu, kila mtu saa moja.

Safari yangu ya pili nilifanya hivyo. Picha zilikuwa chache, nyingine zimepinda, moja ina kidole. Nilizisafisha kumi nikampelekea kogo. Alivaa miwani, akahesabu nyuso kwa kidole, akanipata wa tatu kutoka kushoto, nimelowa chapachapa, macho nimeyafumba.