Milimita Mbili Juu, Mbili Chini

Injini ya boti ikifika gereji hapa Chanji, Sumbawanga, imeshapanda mlima. Imetoka Kasanga, imepita Matai ikiwa juu ya lori, na Ziwa Tanganyika imeliacha chini kwa karibu mita 1,000. Mwenye mali akishuka ombi lake ni lilelile: fundi, iongezee nguvu. Mvuvi mmoja alikuja na ombi lililokomaa zaidi. Alitaka dizeli yake ifungwe krenki yenye stroku ndefu.

Wazo lenyewe si la kuchekwa. Tazama pedali ya baiskeli. Ukirefusha mkono wake, kukanyaga mlimani kunakuwa kwepesi, ila mguu utapanda juu zaidi na kushuka chini zaidi katika kila mzunguko. Kiwiko cha krenki ni mkono huo. Stroku, yaani safari ya pistoni, ni mara mbili ya urefu wake, kwa hiyo krenki iliyoongezwa stroku ya milimita 4 inaisukuma pistoni milimita 2 juu ya pale ilipokuwa ikiishia, na kuivuta 2 chini.

Hizo mbili za juu ndizo zinazoua injini. Kwenye dizeli ndogo, nafasi kati ya pistoni na silinda hedi haizidi sana milimita moja. Ukifunga krenki ndefu na kuacha kila kitu kama kilivyo, pistoni itagonga hedi kabla hata hujawasha. Dawa ni konrodi fupi zaidi, au pistoni ambayo tundu la pini yake limepandishwa. Wapo wanaobandika gasketi mbili. Mimi sifanyi, mgandamizo wa dizeli hautaniwi.

Wenye viwanda wanalijua hilo. Injini ya 2L ya Hiace ina silinda ya milimita 92 na stroku ya 92, lita 2.4. Ndugu yake 3L ni 96 kwa 96, lita 2.8. Toyota waligusa krenki, na silinda pia. Marekani, bloku ya Chevrolet ya lita 5.7 yenye stroku ya milimita 88.4 ilipewa krenki ya 95.25 na pistoni za kuifaa, ikawa injini ya boti ya MerCruiser ya lita 6.2.

Chini nako kuna kazi. Kichwa cha konrodi sasa kinazunguka duara kubwa zaidi na kinaweza kukwaruza bloku. Vizito vya krenki vinaweza kukutana na sketi ya pistoni. Ndiyo maana injini ya namna hii huzungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kabla ya kuguswa na stata. Juu ya pistoni weka kipande cha waya laini wa risasi, funga hedi, zungusha, fungua, kisha pima waya uliobonyea. Unene wake ndio nafasi uliyobakiwa nayo.

Hata hapo nguvu bado haijaja. Dizeli hupata nguvu kwa mafuta yanayoungua, na silinda kubwa yenye pampu iliyosetiwa vilevile itapewa mafuta yaleyale.

Nilimuuliza yule mvuvi injini imepimwa wapi. Hapa hapa, akasema, kwa fundi mwingine: ilitoa moshi mweusi na kuchoka. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika kama 770. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Kasanga kwa takriban asilimia 10, na injini isiyo na tabochaja haina namna ya kujiongezea hewa. Mafuta yanayoungua vizuri ufukweni, hapa yanageuka masizi.

Na ziwani? Huko, akasema, moshi ni kidogo, ila mizunguko haipandi boti ikiwa imejaa. Hapo nikaiacha krenki, nikauliza propela. Boti haina mteremko kama gari. Iko mlimani tangu inapoondoka hadi inapofika, na propela inayokata maji mengi kupita kiasi huikaba injini safari nzima.

Injini ilirudi Kasanga na krenki yake ya zamani, nozeli zilizosafishwa, na agizo la propela yenye mkunjo mdogo zaidi.