Utangulizi: Jina la Mwenzio, Mtaji Wako

Januari 2022, migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, meli zikachelewa, na wateja wakaambiwa wachague kitu kingine. Mitandaoni watu walichachamaa: Nyandarua viazi vinaozea shambani, inakuwaje mgahawa wa Nairobi ungoje meli? Kampuni ikajibu kwamba msambazaji yeyote lazima kwanza apite kwenye ukaguzi wa ubora wa chapa hiyo duniani. Wengi waliliona jibu hilo kuwa dharau. Kwa anayeanza kusoma taaluma ya fransaizi, ni mlango mzuri wa kuingilia. Aliyegharimia majiko, pango na mishahara hakuwa na uhuru wa kutuma gari sokoni.

Mfumo huo ndio fransaizi. Mwenye chapa hukukodisha jina, mapishi na utaratibu wa kazi kwa miaka iliyotajwa katika mkataba. Wewe unaleta mtaji na jasho. Unalipa ada ya kuingia, kisha mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo, na mara nyingi mchango wa matangazo juu yake. Subway ya Marekani imejulikana kwa kutoza mrabaha wa asilimia 8 na matangazo asilimia 4.5. Uwakala ni jambo jingine: wakala wa M-Pesa hulipwa kamisheni na kampuni, ilhali katika fransaizi mlipaji ni wewe.

Vitabu vingi huanzia kwa Ray Kroc na McDonald's, jambo ambalo si haki kwa Martha Matilda Harper. Mama huyu alikuwa mtumishi wa ndani kabla ya kufungua saluni mjini Rochester, New York, mwaka 1888. Kuanzia 1891 aliwaachia wanawake wengine kuendesha saluni kwa jina na mtindo wake, wengi wao wakiwa watumishi kama alivyokuwa yeye. Mwaka 1899 ukaja mkataba wa chupa za Coca-Cola: wanasheria wawili wa Chattanooga walipewa haki ya kuijaza soda hiyo kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1. Mkataba haukuwa na kikomo, na bei ya sharubati ya soda ilikuwa imepangwa humo. Sukari ilipopanda bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pande mbili zikafikishana mahakamani mwaka 1920. Mpangilio wa kila mjaza chupa kupewa eneo lake, hata hivyo, ulidumu, na ndiyo maana soda ya Moshi na ya Mwanza hutoka katika viwanda vya kampuni tofauti.

Kwa nini basi mwenye chapa asifungue matawi yake mwenyewe? Jibu la zamani lilikuwa kwamba hana mtaji. Mwaka 1978 mwanauchumi Paul Rubin alilitilia shaka jibu hilo, akaonyesha kwamba shida kubwa zaidi ni usimamizi: meneja wa mshahara aliye mbali anaweza kuzembea, lakini aliyeweka fedha zake mwenyewe halali. Nakubaliana naye, ila mwenye duka naye ana ujanja wake. Akiwa kando ya barabara kuu, anaweza kubana mafuta ya kukaangia. Msafiri akiumwa tumbo atalaumu jina lililo kwenye bango. Ndiyo sababu wakaguzi hawaishi kubisha hodi.

Kiini cha mgogoro kiko kwingine. Mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa kuwa mauzo huhesabika na faida hufichika. Tuseme duka linauza shilingi milioni 20 kwa mwezi, na gharama zote kabla ya mrabaha ni milioni 19. Kwa asilimia 8, mwenye chapa anaondoka na milioni 1.6, wewe umepata hasara ya laki sita. Ukielewa hesabu hiyo, umeelewa ugomvi mwingi wa mahakamani: ofa za punguzo, saa za kufungua, tawi jipya mtaa wa pili. Kila moja huweza kuongeza mauzo ya chapa huku likipunguza faida yako.

Kwa hiyo anayefikiria kununua aulize kwanza mwenye chapa anapatia wapi fedha. Harry Sonneborn, msimamizi wa fedha wa McDonald's, alimwonyesha Kroc kwamba kampuni inaweza kushika ardhi na majengo, kisha ikampangisha mwendeshaji. Kampuni inayoishi kwa ada za kuingia ina sababu ya kuuza fransaizi nyingi hata zikifa. Inayokuuzia malighafi inataka ununue. Na usidanganyike kwamba jina kubwa ni kinga: mwaka 1995 mwanauchumi Timothy Bates alikuta kwamba biashara changa za fransaizi Marekani zilifungwa zaidi kuliko za waliojitegemea.

Marekani muuzaji analazimika kukupa waraka wa vipengele 23 angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Mimi ningeanza na orodha yake ya waendeshaji walioondoka, kwani hao hawana cha kukuuzia. Kenya na Tanzania hazina sheria mahsusi ya fransaizi, kwa hiyo taarifa hizo itabidi uzidai mwenyewe. Hakikisha alama ya biashara imesajiliwa unapotaka kufanyia kazi. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, haufiki Zanzibar. Angalia mrabaha unalipwa kwa sarafu gani, maana wateja wako watalipa shilingi hata dola ikipanda. Mrabaha ukilipwa nje ya nchi, Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 15, na baadhi ya mikataba humtwika mwendeshaji mzigo huo.

Kisha mpelekee wakili kifungu cha kuachana kabla ya kile cha ada. Mikataba mingi humzuia aliyeondoka kufanya biashara ya aina ileile katika eneo lilelile kwa mwaka mmoja au zaidi, hata kama pango bado linamhesabia na mkopo wa benki haujaisha.