Maandishi Madogo au Yenye Ukungu Katika Kompyuta Mpya: Chanzo Chake na Namna ya Kuyarekebisha

Mtumishi anapokabidhiwa kompyuta mpakato mpya yenye skrini ya kisasa, hutarajia kuona vizuri zaidi kuliko alivyoona katika ile ya zamani. Mara nyingine hutokea kinyume chake. Anapofungua programu ya hesabu aliyoizoea kwa miaka mingi, maandishi hutokea madogo kiasi cha kumlazimu ainamie skrini. Au hutokea kwa ukubwa unaofaa lakini yakiwa na ukungu, mithili ya picha iliyopigwa huku mkono ukitetemeka. Wakati mwingine dirisha hukatika upande wa chini, na kitufe cha kuhifadhi kazi hakionekani kabisa.

Wapo wanaohitimisha kuwa kompyuta hiyo ni mbovu, na wapo wanaoamini kuwa macho yao yamedhoofika. Hitimisho la kwanza huweza kusababisha kifaa kizima kurudishwa dukani au kufungiwa kabatini. La pili humfanya mtumiaji avumilie kwa miezi kadhaa tatizo linaloweza kurekebishwa kwa dakika chache. Katika hali nyingi skrini ni nzima na macho hayana kosa. Kilichokosekana ni maelewano kati ya programu na mfumo endeshi wa kompyuta kuhusu ukubwa wa vitu vinavyoonyeshwa.

Suala hili limezidi kuwa na umuhimu kwa kuwa kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Hatua hiyo inawahimiza watumiaji wengi kuhamia kompyuta mpya, huku programu wanazotumia kazini zikibaki zilezile za zamani.

Nukta zinazounda picha

Skrini ya kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo sana za mwanga ziitwazo pikseli. Skrini yenye pikseli 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kawaida katika kompyuta mpakato za bei nafuu, ina jumla ya pikseli 1,049,088. Skrini yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli 2,073,600. Ile inayofahamika kama 4K, yenye pikseli 3,840 kwa 2,160, ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne ya hiyo ya pili.

Hata hivyo, jambo la kuzingatia zaidi ni msongamano wa pikseli hizo, kwa maana ya idadi yake katika kila inchi moja. Kompyuta mpakato yenye skrini ya inchi 15.6 na pikseli 1,366 kwa 768 ina takriban pikseli 100 katika kila inchi. Kompyuta yenye skrini ya ukubwa huohuo, lakini ya 4K, ina takriban pikseli 282 katika inchi moja. Eneo halikuongezeka; kilichopungua ni ukubwa wa pikseli moja moja.

Programu nyingi za zamani ziliandikwa wakati ambapo tofauti hiyo haikuwa kubwa. Katika mfumo wa Windows, kipimo kilichozoeleka kilikuwa pikseli 96 kwa kila inchi. Watengenezaji wa programu walipanga upana wa madirisha, kimo cha herufi na nafasi ya vitufe kwa kuhesabu pikseli, wakiamini kuwa pikseli itabaki na ukubwa uleule. Herufi iliyopangiwa kimo cha pikseli 12 ilionekana kwa kimo cha takriban milimita 3. Herufi hiyohiyo, ikichorwa kwa pikseli 12 katika skrini yenye pikseli 282 kwa inchi, huwa na kimo cha takriban milimita 1.

Hali hiyo yaweza kulinganishwa na fundi aliyeagizwa kukata kitambaa cha shubiri kumi bila kuambiwa ni shubiri za nani. Shubiri kumi za mtu mzima hutosha kushona vazi. Shubiri kumi za mtoto hazitoshi. Idadi ni moja, ila kipimo chenyewe kimebadilika.

Kazi ya ukuzaji na mahali inapokwama

Ili kuondoa kasoro hiyo, mifumo endeshi ya kisasa ina mpangilio wa ukuzaji unaotajwa kwa asilimia. Kipimo cha asilimia 100 huacha vitu katika ukubwa wake wa asili. Kipimo cha asilimia 200 huongeza upana na kimo mara mbili, hivyo mahali palipochorwa kwa pikseli moja huchorwa kwa pikseli nne. Matokeo ya ukuzaji huo hutegemea aina ya programu inayotumika.

Aina ya kwanza ni programu zinazotambua kipimo cha ukuzaji. Hizi huuliza mfumo endeshi kipimo kilichowekwa, kisha huchora herufi upya kwa ukubwa unaotakiwa. Maandishi yake huwa makubwa na yenye kingo safi.

Aina ya pili ni programu zisizotambua ukuzaji. Tangu toleo la Vista lililouzwa kwa umma mwaka 2007, Windows imekuwa na njia ya kuzisaidia. Mfumo endeshi huiambia programu kuwa skrini ina pikseli 96 kwa inchi, huiacha ichore picha ndogo, kisha huichukua picha hiyo na kuikuza. Ukubwa hupatikana, lakini ukungu huingia, kama inavyotokea hati ndogo inapokuzwa kwa mashine ya fotokopi. Ukungu huo ni matokeo ya msaada wa mfumo endeshi, wala hauonyeshi kuwa skrini imeharibika.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo yenye usumbufu zaidi, ni programu zinazodai kutambua ukuzaji lakini hazikukamilishwa. Herufi hukua huku visanduku vya kuandikia vikibaki na ukubwa wa awali. Maneno hukatwa, safu za jedwali hupandana na vitufe husukumwa nje ya dirisha.

Vipimo visivyo kamili, kama asilimia 125 na 150, huongeza ugumu. Mstari wa pikseli moja ukikuzwa kwa asilimia 150 unapaswa kuwa wa pikseli moja na nusu, na skrini haina nusu ya pikseli. Programu hulazimika kuchagua pikseli moja, pikseli mbili, au kuweka rangi hafifu pembeni. Kampuni ya Apple ilipunguza ugumu huo mwaka 2012 ilipotoa kompyuta ya MacBook Pro yenye pikseli 2,880 kwa 1,800, kwa kutumia ukuzaji wa mara mbili kamili.

Skrini mbili zenye vipimo tofauti

Tatizo hujitokeza pia pale kompyuta mpakato inapounganishwa na skrini ya mezani au projekta katika ukumbi wa mikutano. Skrini ya kompyuta huenda ikahitaji ukuzaji wa asilimia 200, wakati projekta inahitaji asilimia 100. Kabla ya toleo la Windows 8.1 la mwaka 2013, kipimo kimoja kilitumika kwa skrini zote zilizounganishwa. Tangu hapo kila skrini huweza kuwa na kipimo chake, na maboresho zaidi yalifanyika katika Windows 10 mwaka 2017.

Pamoja na maboresho hayo, zipo programu zinazosoma kipimo mara moja tu zinapofunguliwa au mtumiaji anapoingia kwenye kompyuta. Dirisha likivutwa kutoka skrini moja kwenda nyingine, maandishi huingia ukungu au hubadilika ukubwa ghafla. Kuifunga programu na kuifungua upya, au kutoka kwenye akaunti ya mtumiaji na kuingia tena baada ya kuunganisha skrini, mara nyingi huondoa kasoro hiyo.

Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java zina historia yake. Uwezo wa kutambua ukuzaji katika Windows uliongezwa katika toleo la 9 la mwaka 2017. Ofisi inayoendesha programu zake kwa toleo la 8 inaweza kuona menyu na vitufe vidogo mno, hata kama kompyuta yenyewe imepangwa vizuri.

Kwa upande mwingine, huduma zinazopatikana kupitia kivinjari haziathiriki sana. Vipimo vya kurasa za intaneti havifungwi na pikseli halisi za skrini. Kivinjari ndicho kinachofanya ugeuzi. Mwananchi anayeona maandishi madogo katika ukurasa wa huduma anaweza kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha ili kuyakuza, au Ctrl na sifuri kurejesha ukubwa wa awali.

Madhara kwa kazi na kwa anayehudumiwa

Madhara ya maandishi yasiyosomeka hayaishii katika uchovu wa macho. Tarakimu 3 ikiwa na ukungu hufanana na 8, tarakimu 1 hukaribiana na 7, na nukta ya desimali huweza kudhaniwa kuwa mkato. Kosa la tarakimu moja katika namba ya akaunti, tarehe ya kuzaliwa au namba ya kumbukumbu ya malipo huweza kumrudisha mwananchi dirishani siku nyingine kwa kosa ambalo si lake. Aidha, mtumishi mwenye uoni hafifu au mwenye umri mkubwa huweza kuonekana mzembe, ilhali anasoma herufi za milimita moja kutwa nzima.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anayehudumiwa anashauriwa kuomba kusomewa tarakimu muhimu na kuzilinganisha na nyaraka zake kabla ya kuondoka. Mtumishi naye anashauriwa kutoa taarifa ya tatizo la skrini mapema, badala ya kulivumilia.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuepuka kupunguza idadi ya pikseli katika mipangilio ya skrini. Wengi hufanya hivyo kwa sababu maandishi huwa makubwa mara moja. Idadi halisi ya pikseli katika skrini ya kisasa haibadiliki. Ikilazimishwa kuonyesha idadi ndogo, kila kitu huingia ukungu, zikiwemo programu ambazo hazikuwa na tatizo.

Hatua ya pili ni kuweka kipimo sahihi cha ukuzaji. Katika Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye uso wa kompyuta, hufungua mipangilio ya skrini, kisha huchagua asilimia katika sehemu iliyoandikwa "Scale". Kipimo kilichopendekezwa na mfumo ndicho kinachofaa kujaribiwa kwanza. Baada ya kubadilisha, programu zilizokuwa wazi zifungwe na kufunguliwa upya.

Hatua ya tatu hutumika endapo tatizo lipo katika programu moja tu. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya programu hiyo, huchagua "Properties", kisha "Compatibility", na hatimaye "Change high DPI settings". Hapo kuna kisanduku cha kubatilisha utaratibu wa ukuzaji chenye machaguo matatu. La kwanza huiachia programu ijikuze yenyewe, la pili huuachia mfumo endeshi, na la tatu huutumia mfumo endeshi kwa njia iliyoboreshwa, ambayo katika baadhi ya programu za zamani hurejesha herufi zenye kingo safi. Machaguo hayo yajaribiwe moja baada ya jingine.

Hatua ya nne humhusu anayetaka kukuza maandishi pekee. Katika mipangilio ya ufikivu, Windows 11 ina sehemu ya kuongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 225, ingawa si kila programu ya zamani hufuata mpangilio huo.

Iwapo hatua hizo hazikufaulu, suluhisho hubaki kwa mtengenezaji wa programu, na mtumiaji hana budi kuulizia toleo jipya. Katika ofisi, mabadiliko ya aina hii yafanywe kwa kumshirikisha afisa wa TEHAMA. Kupakua programu zisizojulikana zinazodai kurekebisha skrini ni hatari kwa usalama wa taarifa.

Kabla ya kununua na kabla ya kutengeneza

Kwa wanaonunua kompyuta, idadi kubwa ya pikseli si lazima iwe faida. Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina takriban pikseli 157 kwa inchi, kiwango kinachotosheleza kazi za kawaida za ofisi. Skrini ya 4K katika kompyuta ndogo kwa kawaida huongeza gharama na matumizi ya betri. Inafaa programu muhimu za kazi zijaribiwe katika kompyuta moja kabla ya kuagiza nyingi.

Kwa watengenezaji wa programu, vipimo vya madirisha visifungwe na pikseli, na kila toleo lijaribiwe kwa ukuzaji wa asilimia 100, 125, 150 na 200, pamoja na kuhamisha dirisha kati ya skrini mbili. Programu isitangazwe kuwa inatambua ukuzaji kabla kazi hiyo haijakamilika, kwa kuwa tangazo hilo huuzuia mfumo endeshi kutoa msaada wake.

Kompyuta inayoonyesha maandishi madogo au yenye ukungu katika programu moja, huku nyingine zikionekana vizuri, kwa kawaida haina ubovu. Inashauriwa kipimo cha ukuzaji kikaguliwe kwanza kabla ya kuirudisha dukani au kuagiza nyingine.