Mpira wa Petroli Uvujao

Baadhi ya motakaa zipandazo Magamba kwenda Kwai, zikichukua watu na mboga, ni za miaka mingi. Katika gari kuukuu mpira upelekao petroli injini hukauka, hufanya nyufa na kuvuja. Wako wasemao kwamba hasara yake ni matone machache tu. Sivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ya gari, na cheche moja yatosha kuuwasha.

Basi ukisikia harufu, zima injini, shusha abiria, ngoja injini ipoe, kisha fungua waya wa betri. Tafuta panapovuja wakati wa mchana, kwa macho na kitambaa. Usikaribishe kibiriti wala kandili.

Wengine huziba ufa kwa sabuni. Twasema, hiyo si dawa, kwani mtikisiko wa njia huing'oa. Lazima kutia mpira mpya, nao uwe wa petroli hasa, maana mpira wa maji huharibiwa na petroli. Usukume juu ya bomba kiasi cha sentimeta 2 au 3, ukaze kibano kila upande, washa injini, ukatazame tena kabla ya safari. Haya ni kwa gari lenye kabureta. Lile ambalo petroli yake husukumwa kwa nguvu nyingi, mwachie fundi.

Nanyi wazee na walimu, waonyeni vijana wasikaribie gari livujalo na sigara.