Mmea wa Kinamasi Uwani Kwangu

Hapa Minnesota majirani zangu wanapenda mawaridi ya dukani. Mimi uwani nimepanda mmea wa porini, Asclepias incarnata, mwenyeji wa vinamasi vya Amerika Kaskazini. Julai unatoa vishada vya pinki vyenye harufu tamu, na nyuki, nyigu na vipepeo wanagombania nafasi.

Chavua yake si ungaunga kama ya mahindi. Imefungwa kwenye vifuko viwili vilivyounganishwa. Mdudu akitafuta nekta, mguu huteleza ndani ya upenyo mwembamba. Akiuchomoa, huondoka na vifuko vimening'inia. Mdudu mdogo asiye na nguvu wakati mwingine hunasa akafia hapohapo. Ua katili hili, na bado nalipenda.

Kipepeo wa monaki hutaga kwenye majani yake, kwani viwavi wake hawali ila mimea ya jamii hii. Utomvu mweupe una sumu, viwavi wanaihifadhi mwilini, na ndege akimla kipepeo huweza kutapika. Kwa hiyo majani yakitobolewa na viwavi hao, tafadhali usipulize dawa!

Mbegu zipande Oktoba au Novemba, kabla ardhi haijaganda. Bila baridi ya wiki kadhaa, nyingi hazioti.