Kichocho cha Tumbo Wilayani Chato: Mambo ya Kujua Kabla na Baada ya Kumeza Dawa

Mgonjwa anayefika katika zahanati za kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Muganza hadi Nyamirembe wilayani Chato, mara nyingi huja na malalamiko yasiyo na jina: tumbo linalouma kwa vipindi, choo chenye ute na damu kidogo, uchovu usioelezeka. Wengi huwa wamekwisha kumeza dawa za amiba na za taifodi kutoka dukani, zaidi ya mara moja, bila kupona. Katika ukanda huu, swali la kwanza la mhudumu wa afya lingepaswa kuwa fupi: je, unaingia ziwani?

Kichocho cha tumbo husababishwa na minyoo iitwayo kitaalamu Schistosoma mansoni. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha kupambazuka vizuri hadi alasiri. Hupenya kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote katika muda wa dakika chache, kwa hiyo anayechota maji, anayefua, anayevuta nyavu na mtoto anayeogelea wako katika hatari ileile. Kichocho hakipatikani kwa kunywa maji tu wala kwa kula samaki. Bara zaidi, kuelekea Shinyanga, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kilichoenea ni kichocho cha mkojo, ambacho dalili yake kubwa ni mkojo wenye damu. Kwa wanawake kinaweza kuleta vidonda ukeni na damu baada ya tendo la ndoa. Dalili hizo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni za ugonjwa wa zinaa, na ndoa kadhaa huingia doa kwa sababu ya mnyoo.

Madhara makubwa ya kichocho cha tumbo hayatokani na mnyoo wenyewe bali na mayai yake. Mnyoo jike huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka kadhaa na hutaga mayai mamia kila siku. Baadhi hutoka na kinyesi. Yaliyobaki husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa huko na kuacha makovu. Miaka inapopita, makovu hayo huzuia damu kupita kwenye ini. Bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula hutanuka hadi siku moja inapasuka. Mtu wa namna hii huanza kwa tumbo kubwa, na tumbo kubwa kwa majirani ni kulogwa. Safari ya kwa mganga hula muda ambao ini halina.

Anayekwenda kupimwa atapewa kikopo cha choo kikubwa. Kiasi cha ukubwa wa njugu kinatosha, kisichanganyike na mkojo wala maji, na kifikishwe maabara mapema siku hiyohiyo. Fundi wa maabara hutafuta mayai kwa hadubini. Kwa kuwa hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku, kuombwa sampuli ya pili si dalili ya uzembe. Kwa kichocho cha mkojo, sampuli nzuri ni ya kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai mengi hutoka.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kidonge kimoja huwa na miligramu 600, hivyo mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne, na mwenye kilo 30 viwili. Ni vikubwa na vichungu. Visitafunwe, bali vimezwe kwa maji mengi. La muhimu kuliko yote ni kula kwanza, ugali au uji mzito, kwani chakula husaidia dawa kuingia mwilini na hupunguza maudhi. Kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kusokota, hata choo chenye damu kidogo, hutokea kwa baadhi ya watu katika saa za mwanzo, hasa walio na minyoo mingi, kisha hupita. Mwaka 2008 vurugu zilizuka katika shule za msingi mkoani Morogoro baada ya wanafunzi waliopewa dawa hii kuugua maudhi kama hayo na uvumi kuenea kuwa dawa inaua. Maneno mawili kwa wazazi siku moja kabla yangesaidia kuliko matangazo mengi baadaye.

Mgonjwa aseme mapema mambo matatu. La kwanza, kama anatumia dawa za kifua kikuu, jambo la kawaida katika ukanda wa machimbo ya dhahabu: rifampisini hupunguza sana nguvu ya prazikwanteli, na daktari ataamua wakati wa kuitoa. La pili, kama huanguka kifafa, kwani huenda ubongoni mna mabuu ya tegu wa nguruwe, na dawa inaweza kuyachokoza. La tatu ni ujauzito. Shirika la Afya Duniani huruhusu tiba baada ya miezi mitatu ya kwanza, na mama anayenyonyesha haachishwi kutibiwa.

Dawa huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Kwa sababu hiyo, mvuvi aliyekuwa majini juzi hutakiwa kurudi baada ya wiki sita hivi, hata kama amepata nafuu. Wala haikingi maambukizi mapya. Kampeni za mashuleni huwafikia watoto. Wavuvi na wachuuza dagaa wa mialoni hukosa, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka jamii nzima yenye maambukizi mengi itibiwe, kuanzia umri wa miaka miwili. Nyumbani, maji ya ziwa yaliyotunzwa ndani ya chombo siku mbili bila kuguswa hayana tena uwezo wa kuambukiza kichocho kwa anayeoga, ila ya kunywa bado yachemshwe.

Mwenye bandama iliyovimba ajiepushe na aspirini na diklofenaki za dukani, kwani huchochea kuvuja damu. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, asisubiri zahanati ifunguliwe: apelekwe moja kwa moja hospitali, Chato mjini, naye anayemsindikiza aseme mapokezini, kabla ya kuulizwa, kwamba mgonjwa ametapika damu na anaishi kando ya ziwa.