Siasa Yetu Inaanzia Kijijini (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tuliangalia jinsi wanawake wa Dar es Salaam walivyoingia TANU kwa wingi kuanzia 1955, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed na kutumia vikundi vyao vya ngoma, na jinsi harakati za miaka ya 1980 na 1990 zilivyozaa vyombo vya kutetea haki za wanawake kama TAMWA, TAWLA na TGNP. Leo nashuka hadi ngazi ya chini kabisa ya utawala, yaani kijiji na mtaa. Nashuka huko kwa makusudi, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya haki tulizozipigania ziliwekwa mikononi mwa vyombo vya kijiji, na huko huko ndiko zinakotuponyoka.

Tukitaja wanawake na siasa, macho ya wengi huelekea Dodoma. Tunahesabu wabunge na mawaziri wanawake, na tangu Machi 2021 tuna Rais mwanamke. Hayo si mambo madogo. Mwaka 1985 Bunge lilikuwa na viti 15 tu vilivyotengwa kwa wanawake. Leo vinapindukia mia. Lakini Dodoma haimgawii mjane shamba, wala haisikilizi ugomvi wa mpaka kati yake na mashemeji zake. Mambo hayo yanaamuliwa na watu wanaomjua kwa jina, kwenye ofisi ya kijiji au chini ya mwembe.

Viti vilivyomo katika sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kijiji kina vyombo viwili vikuu. Cha kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Huo ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji, ndio unaoichagua halmashauri, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri hiyo. Cha pili ni halmashauri ya kijiji yenyewe, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25: mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji, na wajumbe wengine waliochaguliwa. Angalau robo ya wajumbe wote lazima wawe wanawake.

Wasomaji wengi wanaijua robo hiyo. Wasichokiangalia ni namna inavyotumika. Sheria iliiweka kuwa kiwango cha chini, lakini vyama vyetu vimeifanya kikomo. Wakati wa uteuzi, mwanamke anayetaka kugombea uenyekiti huambiwa, tena kwa upole, "Mama, nafasi za akina mama zipo, jaza fomu ya kule." Matokeo yake tuliyaona baada ya uchaguzi wa vijiji na mitaa wa 2019: wanawake walikuwa takriban asilimia 2 tu ya wenyeviti wa vijiji nchini. Mijini, kwa wenyeviti wa mitaa, walikuwa kama asilimia 12. Kwa hiyo mwanamke yumo ndani ya halmashauri, lakini anayeitisha kikao, anayepanga ajenda na anayetoa nafasi ya kusema karibu kila mahali ni mwanamume.

Ardhi ndiyo kipimo

Anayetaka kujua uzito wa viti hivi aangalie ardhi. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, ilikuwa ya kibaguzi na ilipingana na Katiba. Mwanamke mmoja wa Kagera aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, jamaa wa ukoo akapinga, na shauri hilo likafungua mlango kwa wengine wote.

Kisha ikaja mijadala ya sheria mpya za ardhi. Wanasheria wanawake na wanaharakati waliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi, wakapita katika rasimu kifungu kwa kifungu na kuwafuata wabunge. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilibeba mengi waliyoyadai. Inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke haki hiyo. Inadai kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, watatu wawe wanawake, na kwamba kamati ya kijiji ya kuhakiki ardhi, yenye wajumbe 9, iwe na wanawake wasiopungua 4. Tena halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu.

Sheria hiyo haikutegemea wema wa hakimu wa mbali. Iliwapa wanawake wa kijijini viti katika kila hatua: anapohakikiwa mwenye shamba, anaposikilizwa mlalamikaji, ardhi inapogawiwa. Nguvu ya viti hivyo imeonekana hata mahakamani. Kwa miaka mingi mabaraza ya ardhi ya kata, ambayo yalitakiwa kuwa na wajumbe 4 hadi 8 na watatu kati yao wawe wanawake, yalitoa maamuzi ambayo baadaye Mahakama Kuu iliyafuta kwa sababu akidi hiyo haikutimia au haikuonekana katika kumbukumbu. Tangu 2021 mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya usuluhishi tu, lakini fundisho lake liko pale pale. Mwanamke asipokuwepo pale sheria ilipotaka awepo, uamuzi wenyewe unayumba.

Kikao kinavyokwenda

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudhuria mikutano ya vijiji nikiwa na wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nimejifunza kwamba ushindi na kushindwa huanza kabla mtu hajafungua mdomo. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi msimu wa palizi, wanawake wako shambani. Ukiitishwa jioni, wako jikoni. Tangazo likibandikwa kwenye mlango wa ofisi na lisipigiwe mbiu vitongojini, watakaolisoma ni wanaoshinda senta.

Nitasimulia mkutano mmoja, mkoani Morogoro, bila kukitaja kijiji. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyoletwa kutoka shule ya msingi. Wanawake walitandika kanga pembeni, wengi wakiwa na watoto mgongoni. Ajenda ya nne ilikuwa ombi la mtu kutoka mjini aliyetaka kipande cha bondeni, kando ya mto, mahali ambapo akina mama hulima mchicha na nyanya wakati wa kiangazi. Mwenyekiti alieleza kwamba halmashauri ya kijiji imeshalipitisha ombi hilo, na mkutano mkuu unaombwa ubariki tu.

Mama mmoja wa makamo akasimama. Hakupaza sauti. "Ndugu mwenyekiti, naomba tusomewe muhtasari wa kikao kilichopitisha, na majina ya waliohudhuria."

"Mama, hilo tutalijibu mwishoni kwenye mengineyo," akajibiwa.

"Mengineyo ni baada ya kupitisha, ndugu mwenyekiti. Tusomewe sasa."

Wanawake wenzake wakaanza kuitikia, na baadhi ya wazee wa kiume wakaunga mkono. Mtendaji wa kijiji akafungua daftari na kusoma. Majina ya wajumbe wanawake yalikuwemo. Wawili kati yao, waliokuwa wameketi palepale kwenye kanga, wakasema kwa zamu kwamba walitia saini daftari la mahudhurio ili wapokee posho, na kwamba walipofika kikao kilikuwa kimekwisha. Ajenda ikaahirishwa. Katika mkutano mkuu uliofuata, ombi lile lilikataliwa kwa kura ya kunyoosha mikono.

Nimeukumbuka mkutano huo mara nyingi. Wale wajumbe wawili walikuwa wameingia kwa nafasi za wanawake, kwa hiyo kwa hesabu za wizara kijiji kile kilitimiza matakwa ya sheria. Bonde liliokolewa na mama asiye na cheo chochote, aliyejua kwamba mkutano mkuu una haki ya kusomewa muhtasari. Alipoulizwa amejulia wapi, alisema alifundishwa na msaidizi wa kisheria katika kikundi chao cha vikoba, yaani cha kuweka na kukopa.

Ninachokidai kwa harakati zetu

Mimi ni zao la harakati hizi. Nimekaa kwenye semina za kila Jumatano za TGNP pale Mabibo, nikasikiliza wanawake wa Kigogo na Manzese wakichambua bajeti ya taifa kwa lugha ambayo mchumi yeyote angeiheshimu. Sisemi kama mtu wa nje anayebeza. Nasema kama mwenye deni.

Kwanza, tumetumia nguvu nyingi mno kuwaandaa wagombea miezi michache kabla ya uchaguzi, na nguvu ndogo mno kuwaandaa wanawake kuwasimamia waliochaguliwa kwa miaka mitano inayofuata. Mgombea mwanamke akishinda tunapiga vigelegele, kisha tunamwacha peke yake na mwenyekiti, mtendaji na wenye fedha. Asipowekewa shinikizo na wanawake waliomchagua, atalemewa na shinikizo la wengine. Na akishirikiana na wanaouza bonde, aambiwe wazi mkutanoni kama angeambiwa mwanamume. Jinsia yake haiwezi kuwa kinga.

Pili, tuseme ukweli juu ya fedha na udhalilishaji. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kwenda mahakamani. Jina limefutwa katika sheria, lakini tabia imebaki katika kura za maoni za vyama, na mwanamke asiye na ng'ombe wa kuuza wala mkopo wa kuchukua ndiye anayeumia zaidi. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini wanaoombwa rushwa hiyo ili majina yao yapitishwe hunyamaza, kwa sababu wanajua watakaoaibishwa ni wao. Chama kinachotangaza usawa majukwaani na kumficha mwombaji wa rushwa hiyo ndani ya kamati yake ya siasa kinawadanganya wanawake.

Tatu, mwanamke hawezi kushinda katika uchaguzi ambao ushindani wake umekauka. Mwaka 2019 baadhi ya vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na wagombea wengi wakapita bila kupingwa. Malalamiko ya kuenguliwa yalirudi tena katika uchaguzi wa Novemba 2024. Penye mgombea mmoja, jina huamuliwa ndani ya kikao cha chama, na ni katika vikao hivyo ambamo wanawake wana sauti ndogo kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo madai ya uchaguzi huru ni madai ya wanawake pia, na mashirika yetu yasiyaone kuwa ni ugomvi wa vyama usiotuhusu.

La kufanya kabla ya 2029

Uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa unatarajiwa 2029. Hatuhitaji kuusubiri. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na katika kila mmoja mwanamke yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kudai mambo haya: asomewe muhtasari wa mkutano uliopita, asomewe mapato na matumizi ya kijiji, na atajiwe majina ya wajumbe wa baraza la ardhi, wanawake wangapi na waliteuliwa lini. Kama baraza halina wanawake watatu, aombe lijazwe hapo hapo na iandikwe kwenye muhtasari.

Vikundi vya vikoba, kwaya, madrasa na ushirika wa mazao tayari vinakutana kila wiki. Viongozi wa vikundi hivyo watenge nusu saa kwa mwezi kusoma kifungu kimoja cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji pamoja na msaidizi wa kisheria wa kata yao. Wakubaliane kuhudhuria mkutano mkuu pamoja na kukaa mbele, kwenye madawati. Wakubaliane pia nani atauliza nini, ili mwulizaji asibaki mpweke akinyamazishwa. Na wanaume wanaoamini katika haki, wawe waume zetu, kaka zetu au watoto wetu, siku ya mkutano wabaki na watoto na wapike.

Wizara na mashirika nayo yabadilishe kipimo. Tukiripoti idadi ya wanawake waliochaguliwa, turipoti pia mikutano mikuu mingapi ilifanyika, wanawake wangapi walihudhuria, na maamuzi mangapi ya ardhi yalipita mikononi mwao. Wanawake waliopigania Sheria ya 1999 walifanya kazi yao na kutuachia viti. Kazi iliyobaki ni yetu, na inafanyika kila baada ya miezi mitatu, tukiwa tumehudhuria na tumejiandaa kuuliza.

Sehemu ya nne, wiki ijayo, itahusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za wilaya na miji: kwa nini ilisimamishwa 2023, ilirudije, na vikundi vya wanawake vifanye nini ili asilimia 4 yao isiishie kwa wachache.